Zako Tia Maji ya Vitunguu

Mtu akiota kitambi, watu humpongeza kwamba mambo yamemnyookea. Akiota mvi, hupewa shikamoo na kiti cha kukalia. Nywele zikimkimbia, basi tena, kichwa chake kinageuka mali ya umma: kila apitaye ana haki ya kukitazama, kukijadili na kukiandikia dawa. Sikumbuki kumlalamikia mtu yeyote kwamba naumwa nywele. Lakini hapa mtaani kwetu Mbagala, salamu zangu zimeongezewa kipengele. Habari za nyumbani, njema. Watoto hawajambo, hawajambo. "Na hicho kipara, jirani, umeshakifanyia nini?"

Sina ugomvi na kipara. Hakiwashi, hakiumi, hakidai ada ya shule. Kilianza kwa adabu zake, uwaraza huku na huku juu ya paji, kisha kikafungua tawi utosini, na sasa makao makuu na tawi vimeunganishwa. Hata kinyozi wangu hajawahi kukisema vibaya, kwa kuwa ana maslahi yake: ananitoza bei ya kichwa kizima na kazi anaifanya pembeni tu. Nilipomuuliza akanijibu, "Mzee, kichwa ni kichwa. Ukipanda gari la Kariakoo ukashukia njiani, konda anakurudishia chenji?"

Ugomvi wangu ni na dawa, na zaidi ya dawa, wanaozileta. Wahenga waliposema ukiona mwenzio ananyolewa zako tia maji, hawakutaja maji gani. Mtaani kwetu nafasi hiyo imejazwa vizuri sana: maji ya vitunguu, maji ya mchele, maji ya karafuu, maji ya majani ya mpera. Kipara hiki kimetiwa maji ya kila namna isipokuwa ya uzima.

Aliyefungua pazia ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekuja Jumapili kula pilau akaondoka ameacha maagizo. Kitunguu maji kikubwa, chekundu, kimenywe, kisagwe kwenye blenda, kichujwe kwa chujio la tui, kisha maji yake yapakwe kichwani kutwa mara mbili. Mke wangu akaona ni jambo jepesi. Si yeye aliyekuwa anapakwa.

Sasa, maji ya kitunguu yana tabia ambayo shemeji hakuitaja. Kichwa chenye nywele huyakamata. Kichwa kisicho nazo hakina cha kuyazuia, kwa hiyo yanashuka. Yanapita katikati ya paji, yanafika kwenye nyusi, yanasita kidogo, kisha yanaamua kuingia machoni. Nilikaa uani juu ya kigoda, taulo shingoni, machozi yakinichuruzika mpaka kidevuni. Mtoto wa jirani alichungulia, akanitazama kwa huruma, akakimbilia kwao. Nikamsikia kabisa akitangaza: "Mama! Baba wa pale analia!"

Harufu nayo haina haraka. Asubuhi unaoga, unajinusa, unaona umepona. Inakusubiri ndani ya daladala, abiria wamesimama wamekuinamia, jasho la kwanza likitoka. Mama mmoja alifungua dirisha. Kijana mmoja akajiziba pua kwa kola ya shati. Konda, ambaye kazi yake ni kutatua matatizo, akapaza sauti: "Jamani, mwenye gunia la vitunguu alilipie! Mzigo una nauli yake!" Abiria wote wakainama kutazama chini ya viti. Na mimi nikainama kutazama chini ya kiti changu.

Nilipomshtaki shemeji, akanirushia ushahidi kwenye simu, na lazima niseme haki: hakuutunga. Mwaka 2002 watafiti wa Baghdad, Iraki, walichapisha jaribio lao la maji ya kitunguu. Wagonjwa 23 walipakwa maji hayo mara mbili kwa siku, wengine 15 wakapakwa maji ya bomba. Baada ya wiki sita, 20 kati ya wale 23 nywele zilikuwa zimerudi. Kwenye kundi la maji ya bomba zilirudi kwa wawili tu. Shemeji aliisoma habari hiyo kwa sauti, mbele ya mke wangu, akiwa amesimama. Asichokisoma ni mstari unaosema wagonjwa wale walikuwa na ugonjwa gani. Walikuwa na viraka, yaani kinga ya mwili inapoishambulia mizizi ya nywele, zikang'oka kwa mviringo sehemu moja moja na kuacha duara tupu. Viraka hivyo mara nyingi huota tena hata bila kupakwa kitu. Mimi sina kiraka. Mimi nina uwanja.

Hapo ndipo habari ilipofika Tanga, kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa heshima, na heshima hiyo haimruhusu kukitaja kichwa cha mkwewe. Kwa hiyo alimpigia simu binti yake, na binti yake, kwa kuwa alikuwa anakaanga samaki, akaiweka simu sauti ya juu barazani, mbele ya majirani waliokuwa wanasukana. "Mwanangu," ikasema simu, "mwambie baba ile shida yake isimtie unyonge. Hata marehemu baba yenu ilimpata, na mdogo kuliko yeye. Kuna majani nitayatuma kwa basi. Asione haya, ni mambo ya wanaume hayo."

Jioni ile ile nikagongewa mlango. Jirani yangu, mtu mzima, baba wa watu, kasimama gizani kashika kikaratasi kilichokunjwa. "Ndugu yangu," akanong'ona, "sisi wanaume tunafichiana siri. Hili ni vumbi la Kongo, halisi, si la kuchakachua. Tia kwenye maziwa." Nikamwambia, jirani, shida yenyewe ni nywele. Akanipiga bega taratibu. "Ndiyo," akasema. "Nywele. Tunaelewana."

Majani yenyewe yalipofika yalikuwa ya mkunazi, ambayo pwani yametumika kuoshea nywele tangu enzi za mabibi zetu: unayatwanga, unayatia maji, yanatoa povu zuri la kijani. Nayasifu. Yanasafisha kweli. Kipara changu kilitakata, kikang'aa kuliko kilivyowahi kung'aa. Tatizo ni kwamba pwani hiyo hiyo mkunazi hutumika pia kuoshea maiti. Majirani wamesikia kinu kinatwangwa uani, wamechungulia na kuona ni mkunazi, na mtoto keshawaambia kwamba baba wa pale analia. Wakajumlisha. Alipoingia mama wa kwanza amejitanda kanga mbili, mimi nilikuwa naifungua chupa ya soda.

Shangazi yangu yeye hakutaka mambo ya majani. Alileta mafuta ya habbat soda, akanikumbusha kwamba imesifiwa katika hadithi kuwa ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo. Mimi si mtu wa kubishana na hadithi, sembuse na shangazi. Nilichouliza, tena kwa adabu, ni kama kipara ni ugonjwa. Shangazi alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hujaanza kuzeeka kichwani tu."

Mafuta ya nyonyo nayo yakaingia, mazito, yasiyotaka kumiminika. Ukiyapaka usiku, unaamka na mto. Husemi "nimeamka", unabandua. Ukitoka nayo mchana, vumbi lote la barabara ya Mbagala linahamia juu yako kama mpangaji asiyelipa kodi. Mke wangu alivumilia foronya mbili, ya tatu akanikabidhi mfuko wa nailoni.

Nikadhani nimeona yote, mpaka nilipopita Kariakoo na kukutana na kipaza sauti. Mnakijua. Kimefungwa kwenye mkokoteni, kinajisemea chenyewe tangu asubuhi, mwenye mali kakaa pembeni anakula muhogo. "Mba! Mapunye! Kipara! Mvi! Ngiri! Bawasiri! Kiuno! Miguu kuwaka moto! Mume kutotulia nyumbani! Buku tano tu!" Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa, imechunwa karatasi yake. Ndani, kitu cha kahawia kilichojigawa: cheupe juu, cheusi chini, vijiti vinaelea katikati. Nikauliza: huyu mume asiyetulia na kipara changu tunatumia chupa moja? Muuzaji akameza muhogo. "Bosi, dawa inajua yenyewe pa kwenda." Nikauliza kama ina usajili, maana tangu mwaka 2002 nchi hii ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na lipo baraza la kusajili waganga na dawa zao. Akainuka, akaongeza sauti ya kipaza sauti. Ilikuwa Januari, jua la Dar es Salaam limesimama utosini, na yeye kichwani kavaa mzula wa sufu, umeshushwa mpaka masikioni. Sikuuliza zaidi.

Msidhani ni uhuni wa leo. Ipo hati ya tiba ya Misri ya kale, Papyrus Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, na ndani yake imo dawa ya kipara: mafuta ya simba, ya kiboko, ya mamba, ya paka, ya nyoka na ya mbuzi mwitu, yachanganywe, yapakwe. Kanuni ni ile ile ya mkokoteni wa Kariakoo, kwamba vitu vikizidi wingi, imani nayo inazidi. Mtu akimaliza kuwakamua mafuta wanyama hao wote, nadhani hitaji lake la kwanza si nywele. Kwetu, mafuta ya simba bado yanauzwa kwa kunong'onezana, ila ukikutwa nayo ni nyara za serikali, na huko unakopelekwa wananyoa bure.

Kinachoniudhi ni kwamba kila dawa ina shahidi. Hakuna mti uliokosa mtu wa kusimama na kuapa. Mjomba wangu anaapia shubiri: aliugua homa ya matumbo, akapona, miezi michache baadaye nywele zikaanza kutoka mafungu kwa mafungu, akapaka utomvu wa shubiri, zikarudi zote. Mnaona! Sasa sikilizeni madaktari wa ngozi wanavyosema. Kichwa kina nywele kama 100,000. Kila unywele una zamu yake: unakua miaka 2 mpaka 6, unapumzika kama miezi 3, unadondoka, mwingine unaota mahali pake. Kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Ukipata homa kali, ukifanyiwa upasuaji, ukijifungua, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa mkupuo, na miezi miwili mitatu baadaye zinadondoka kwa mkupuo. Halafu zinarudi. Zenyewe. Ungepaka shubiri zingerudi, ungepaka uji wa ulezi zingerudi. Shubiri ilifika tu kwenye picha ya pamoja, ikasimama mbele.

Ndiyo maana mama aliyejifungua ana dawa anayoiapia, aliyeugua malaria ana yake, mwenye viraka ana yake, na wote hawasemi uongo. Wanachokosea ni anwani. Mapunye ya mtoto wa shule ni fangasi walioingia mpaka kwenye shina la unywele, hao wanataka vidonge vya hospitali. Viraka ni kinga ya mwili. Kipara cha mwanaume kama mimi ni habari ya nasaba na homoni: testosteroni inageuzwa mwilini kuwa DHT, na kwa waliorithi udhaifu huo, mizizi ya mbele na ya utosini inasinyaa polepole, unywele unazidi wembamba mpaka unabaki malaika. Babu mzaa baba alikuwa nacho, babu mzaa mama alikuwa nacho. Kitunguu kinataka kusuluhisha jambo ambalo koo mbili zilishakubaliana.

Kwa kweli ipo dawa moja ya asili ya kipara cha namna hii isiyo na ubishi, na haina mti hata mmoja. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliandika kwamba matowashi hawaoti kipara. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton akathibitisha: wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, ila alipowapa homoni ya kiume, wale wenye asili ya upara katika ukoo wakaanza kuupata. Nilimsomea mke wangu habari hii yote, nikamwambia achague. Alikaa kimya kidogo, akasema kipara kinanipendeza.

Za dukani zipo pia, tusifichane. Minoksidili ilianza kama kidonge cha presha; wagonjwa wakaota nywele hata pasipotakiwa, ndipo Marekani ikaidhinisha mwaka 1988 iwe dawa ya kupaka kichwani. Inasaidia baadhi ya watu, ila ukiacha kupaka, ulichovuna kinadondoka. Na miti nayo nisiidhulumu: mwaka 2015 watafiti wa Irani walilinganisha mafuta ya rozimari na minoksidili ya asilimia 2 kwa wanaume 100 wenye kipara kama changu, na baada ya miezi 6 hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Jaribio moja, watu 100, miezi 6 ya kupaka bila kukosa. Nilipomweleza shemeji sehemu hiyo ya miezi 6, akauliza kama hakuna ya wiki moja.

Wapo wasio na dawa, wao wana faraja: "Kipara ni pesa, mzee!" Hao naomba washushe sauti kabisa. Mwaka 2017 polisi wa Msumbiji waliwatahadharisha wenye vipara mkoani Zambezia baada ya wenzao kuuawa na watu walioamini kwamba vichwa hivyo vina dhahabu. Sicheki hapo, na mjue kwamba utani ukirudiwa sana hupata wa kuuamini.

Lakini kinachonichoma zaidi ya kitunguu ni hiki. Wakati baraza zima linajadili utosi wangu, ambao haumdhuru mtu, binti yangu wa sekondari amekaa pale pale kwenye mkeka anasukwa rasta za likizo. Zimevutwa mpaka macho yamepanda. Akicheka, nyusi hazishuki. Pembezoni mwa paji kumeota vipele vidogo vidogo, na nywele za hapo zimeshaanza kupungua. Msusi anamwambia avumilie, urembo ni mateso, usiku atampaka nyonyo zijae. Hicho sasa ndicho kipara chenye dawa ya uhakika, tena ya bure: kuzilegeza. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2007 uliona kwamba karibu theluthi moja ya wanawake watu wazima waliopimwa walikuwa wamepoteza nywele kwa kuvutwa namna hiyo. Ukiwahi, zinarudi. Ukichelewa, mzizi unakufa, na hakuna nyonyo ya kuufufua. Nilipolisema hilo barazani, wakacheka wote. Msusi akasema, "Baba naye! Wewe na nywele wapi na wapi?"

Basi na mimi nimeweka utaratibu. Anayekuja na dawa ya kichwa changu avue kofia kwanza, tuonane ana kwa ana. Aseme dawa yake inatibu upara upi, maana upara ni wa namna nyingi. Shahidi wake awe amerithi kipara kwa babu, asiwe ametoka kuugua wala kujifungua. Na kama dawa inanuka, aipake yeye siku tatu, alale chumba kimoja na mkewe, kisha aje na barua ya mkewe.

Tangu nilipotangaza masharti hayo hajatokea mtu, isipokuwa shemeji. Kapiga simu leo mchana, anahema, kwamba amesikia Waarabu wanatumia mkojo wa ngamia. Nikamwambia, shemeji, hapa Mbagala ngamia utampata wapi? Akasema hilo nisijali, anamjua mtu Vingunguti.